Somo la Afya: Goti Linalouma na Tiba ya Mazoezi

Katika parokia na sharika zetu nyingi wapo wazee, hasa akina mama, wanaokaa viti vya nyuma karibu na mlango. Hawakuchelewa ibada. Wamechagua hapo kwa sababu wakipiga magoti hawawezi kuinuka bila kushikwa mkono, na hawapendi kutazamwa. Baada ya muda huacha kuja kwenye jumuiya, kisha huacha kwenda shambani, na mwishowe tunasikia kwamba "bibi siku hizi hatoki". Tukiuliza sababu, tunajibiwa neno moja tu: uzee.

Karibuni wanakamati, wahisani na wasomaji wetu wote katika somo la afya la robo hii. Tumeamua kuzungumzia maumivu ya viungo yanayoletwa na ugonjwa uitwao osteoathritisi, ambao mitaani hujulikana kama kusagika kwa magoti. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, tiba yake kuu ni mazoezi, na mazoezi hayo yanaweza kufanyika ndani ya ukumbi wa parokia. Pili, fedha nyingi zinazotolewa na familia na wafadhili kwa ajili ya magoti haya huenda mahali pasipostahili.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa nao, na kati yao milioni 365 uliwashika magotini. Asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake, na asilimia 73 wana umri unaozidi miaka 55. Idadi hiyo imeongezeka zaidi ya mara mbili tangu mwaka 1990, kwa kuwa watu wanaishi miaka mingi zaidi na wengi wameongezeka uzito.

Ndani ya goti kuna nini?

Ukila paja la kuku utaona kwenye ncha ya mfupa sehemu nyeupe, laini, inayoteleza. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la binadamu gegedu hufunika ncha za mifupa ili isisuguane. Halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye majimaji ya kiungo, nayo huingia na kutoka kama maji kwenye sifongo kila tunapokanyaga na kuachia. Kwa hiyo goti lisilotumika, gegedu lake hukosa lishe.

Katika osteoathritisi gegedu hupungua na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake hubadilika, na ngozi laini ya ndani ya kiungo huweza kuvimba. Sababu ni nyingi kwa pamoja: umri, urithi, uzito, kuumia goti zamani, na kazi za kuchuchumaa na kubeba mizigo kwa miaka mingi. Mama aliyebeba ndoo za maji na mikungu ya ndizi kwenye miteremko ya Kilimanjaro au Usambara tangu utotoni anajua mzigo huo ulipita wapi.

Hata hivyo, gegedu peke yake halielezi maumivu yote. Wapo watu ambao picha ya eksirei inaonyesha magoti yaliyochakaa sana lakini wanapanda mlima bila shida, na wapo ambao picha ni nzuri lakini hawalali. Jambo linalotofautisha mara nyingi ni misuli. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hupokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika gotini. Mtu akiumwa hupumzika, akipumzika msuli hupungua, msuli ukipungua goti hubeba mzigo wote, na maumivu huongezeka. Tunapomwambia mama "kaa tu, pumzika, wajukuu watafanya", tunamsukuma ndani zaidi ya mzunguko huo, ingawa nia yetu ni njema.

Hapa tuseme neno kuhusu ute. Wengi wameambiwa kwamba "ute wa magoti umeisha", na kwamba dawa yake ni kunywa maji ya bamia au kununua unga fulani wa kurudisha ute. Ukweli ni kwamba goti lenye ugonjwa huu mara nyingi lina majimaji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Bamia ni mboga nzuri na wanaoipenda waendelee kuila, lakini ikifika tumboni humeng'enywa kama mboga nyingine, na utelezi wake hauna njia ya kufika gotini. Kuhusu unga na vidonge vya kutembezwa tuwe wakali zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kama vya asili, ambavyo vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ndani yake, bila kuandikwa kwenye chupa. Dawa ya "asili" inayoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili inatia shaka.

Si kila goti linaloma ni la somo hili

Mtu mwenye miaka 45 au zaidi, anayeumwa goti anapolitumia, na ambaye asubuhi haumii kwa ukakamavu au ukakamavu huo huisha ndani ya nusu saa, kwa kawaida ana osteoathritisi. Mganga anaweza kutambua hivyo kwa kumuuliza na kumpima kwa mikono, bila eksirei.

Lakini goti likiwa la moto, limevimba ghafla, na mgonjwa ana homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache tu. Aliyeanguka na hawezi kukanyaga aende pia. Anayevimba viungo vingi vidogo vya vidole, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi, huenda ana baridi yabisi halisi, ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Kidole gumba cha mguu kinachowaka usiku mmoja mara nyingi ni jongo. Na kijana mwenye selimundu anayechechemea kwa maumivu ya nyonga asipelekwe kwenye kikundi cha mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Kamati haitakiwi kutambua magonjwa. Inatakiwa kujua nani wa kumpeleka mbele haraka.

Mtaalamu wa fiziotherapia hufanya nini?

Wengi hudhani fiziotherapia ni kukandwa au kuwekewa mashine ya umeme. Kukandwa kunaweza kupoza kwa muda, lakini kazi kuu ya mtaalamu ni kupima nguvu ya misuli, mwendo wa kiungo na namna mtu anavyotembea, kisha kuchagua mazoezi yanayomfaa, kiasi cha kuanzia, na wakati wa kuongeza. Huko Moshi, Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa ikifundisha wataalamu hawa kwa miongo mingi. Tatizo letu ni umbali: wengi wao wako kwenye hospitali kubwa, na mama mwenye goti bovu ndiye asiyeweza kupanda basi mara mbili kwa wiki kumfuata mtaalamu. Kwa hiyo njia yenye maana ni mtaalamu kuja mara chache, kupima watu na kufundisha viongozi wa kikundi, na kikundi kuendelea chenyewe.

Njia hiyo haikubuniwa na sisi. Nchini Denmark, mwaka 2013, watafiti Ewa Roos na Søren Skou walianzisha mpango uitwao GLA:D. Washiriki hupata vikao vichache vya mafunzo kuhusu ugonjwa wao, kisha mazoezi ya pamoja mara 12, yaani mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, chini ya mtaalamu. Mpango huo umeenea hadi Kanada, Australia na kwingineko, na vifaa vyake havimzidi uwezo fundi seremala wa kijijini.

Tuseme tuna mama wa miaka 64, mkulima wa kahawa na migomba, anayeumwa magoti yote mawili. Akianza, maumivu ni makali, basi huanzia chini. Anaketi juu ya mkeka au kitandani, mguu umenyooka, kanga iliyoviringishwa imewekwa chini ya goti. Anaikandamiza kanga kwa kukaza msuli wa paja, anahesabu hadi tano, analegeza. Mara kumi kila mguu. Hilo hata mgonjwa asiyeweza kusimama analiweza.

Zoezi kubwa kuliko yote ni kuketi na kusimama. Kiti kiwe imara, kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Nyayo ziwe chini ya magoti, mwili uinamishwe mbele kidogo, kisha asimame bila kujisukuma kwa mikono akiweza, na ashuke polepole mpaka akalie. Kushuka polepole ndiko kunakojenga msuli, na ndiko ambako kila mtu hutaka kukukwepa kwa kujitupa kitini. Akishindwa, kiti kiinuliwe kwa blanketi lililokunjwa. Kila baada ya wiki mbili blanketi lipunguzwe unene. Zoezi hili lina faida nyingine ambayo wazee huielewa haraka: ndilo lile lile linalohitajika kuinuka chooni, kwenye kigoda cha jikoni na kwenye benchi la kanisa.

Baada ya hapo huongezwa kuinua mguu pembeni huku ameshika kiti, kwa ajili ya misuli ya nyonga. Kuinuka kwa vidole vya miguu. Na kupanda na kushuka ngazi moja. Ngazi ya mlango wa kanisa inatosha. Mazoezi haya ya nguvu yafanyike siku tatu kwa wiki, kila moja mara kumi kwa mizunguko mitatu, na siku ya kupumzika katikati. Kutembea mahali tambarare kunaweza kufanyika kila siku, kuanzia dakika kumi na kuongeza kidogo kidogo hadi nusu saa.

Je, akiumia akifanya mazoezi?

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjika, kwa hiyo tukae kidogo. Watu wamefundishwa kwamba maumivu maana yake kuna kitu kinaharibika, na kwamba kila hatua inasaga mfupa. Katika ugonjwa huu si hivyo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni hiki: mgonjwa ayape maumivu alama kuanzia sifuri hadi kumi; wasiozoea kutaja namba waonyeshe kwa vidole vya mikono miwili. Hadi vidole viwili ni salama kabisa. Vitatu hadi vitano vinakubalika. Zaidi ya vitano, zoezi lipunguzwe: kiti kiinuliwe zaidi, au mara kumi ziwe tano. Na siku ya pili maumivu yawe yamerudi kwenye hali yake ya kawaida. Yasiporudi, alizidisha; apunguze kiasi, lakini asiache.

Wiki ya pili ndiyo mtego. Misuli ambayo haijafanya kazi kwa miaka inauma, nguvu bado haijaonekana, na majirani wanasema "si tulikuambia". Nguvu huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya nane. Mtu anayeachwa peke yake katika wiki ya pili atarudi kitandani na kusema alijaribu mazoezi yakamshinda, na mwaka unaofuata hatakubali tena. Kikundi chenye mtu wa kupita nyumbani kwa aliyekosa kipindi kimoja kina thamani kuliko kikundi chenye vifaa vizuri.

Wala tusiwaahidi wazee kwamba watapona. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 54 ya mazoezi kwa wenye osteoathritisi ya goti, yaliona maumivu yakipungua kwa wastani wa alama 12 kati ya 100 kuliko kwa wasiofanya. Mapitio mapya ya mwaka 2024, yenye majaribio zaidi ya 130, yalithibitisha kwamba nafuu ipo lakini yakaonya kwamba kwa wastani ni ndogo. Ni nafuu ya kadiri, inayokaribiana na ile ya vidonge vya maumivu, bila madhara ya vidonge. Kwa mtu mmoja mmoja nafuu hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kwenda chooni mwenyewe na kupelekwa.

Vidonge, uzito na fimbo

Diklofenaki, ambayo wengi huinunua katika duka la dawa kwa jina la diklopa, hupunguza maumivu kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikimezwa kila siku kwa miezi huweza kutoboa tumbo, kudhoofisha figo na kupandisha shinikizo la damu, na wazee wenye magoti mabovu mara nyingi ndio hao hao wenye shinikizo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2022 unaweka mazoezi kwanza kwa kila mgonjwa, kisha dawa ya kupaka gotini ya jamii hiyo ya diklofenaki, na vidonge vije baadaye kwa kipimo kidogo na muda mfupi. Anayemeza kila siku asiaibishwe wala asikatazwe ghafla. Aende zahanati akapimwe shinikizo na aeleze ni miezi mingapi amekuwa akitumia.

Kuhusu uzito, watafiti wa Marekani waliopima hatua za watu wazito wenye ugonjwa huu walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza mzigo wa goti kwa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Kilo tano zikipungua, goti linapumzishwa kilo ishirini kila linapokanyaga. Jambo hili lisemwe kwa heshima, kwa kuwa kwetu unene wa mama mtu mzima huonekana kuwa ishara ya kutunzwa vizuri. Wembamba waliokonda wasiambiwe lolote kuhusu kupunguza.

Fimbo hushikwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Wengi hufanya kinyume, na hakuna aliyewaambia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha kiganja mkono ukining'inia, na chini iwekwe kipande cha mpira wa tairi isiteleze. Kwenye ngazi, kupanda tangulia na mguu mzima, kushuka tangulia na mguu mgonjwa.

Kazi ya kamati, na fedha za wahisani

Mambo mengine hayahitaji hata shilingi. Padre au mchungaji akitamka wazi mbele ya waumini kwamba asiyeweza kupiga magoti asimame au aketi bila aibu, amewatibu wengi kwa tangazo moja. Vivyo hivyo katika jamii ambazo mwanamke husalimia kwa kupiga magoti, wazee wa jumuiya wanaweza kuwasamehe wenye maumivu. Choo cha parokia kikiwekwa kiti kimoja na mti wa kushikia ukutani, wapo watakaorudi kwenye ibada kwa sababu hiyo tu.

Kwa kikundi chenyewe mnahitaji viti imara kumi na viwili, mikeka, ukumbi kwa saa moja mara mbili au tatu kwa wiki, viongozi wawili waliofundishwa, na daftari. Daftari ni muhimu kuliko linavyoonekana. Siku ya kwanza, na tena wiki ya kumi na mbili, kila mshiriki apimwe: anaweza kusimama na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani, kwenye kiti cha kimo cha sentimita 43, hutumia sekunde ngapi kutembea mita 40, na maumivu yake ni vidole vingapi. Kwa mfano, katika kipimo kinachotumika Marekani, mwanamke wa miaka 65 hadi 69 asiyefikisha mara 11 huhesabiwa kuwa chini ya wastani na yuko katika hatari ya kuanguka. Namba hizo tatu zinamwonyesha mhisani alichonunua vizuri zaidi kuliko picha ya watu wenye fulana mpya.

Wahisani wetu, mara kwa mara tunaulizwa kama tungependa kuletewa mashine za umeme za kupunguza maumivu. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini jibu letu ni hapana. Mwongozo ule ule wa 2022 unashauri mashine hizo zisitumike kwa ugonjwa huu kwa sababu ushahidi wake hautoshi, na kijijini umeme ukikatika au waya ukiharibika huishia stoo. Tunachoomba ni nauli na posho ya mtaalamu kuja wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya kumi na mbili. Mafunzo ya viongozi. Na ahadi ya kulipia duru ya pili mwaka huo huo, kwa ajili ya walioanza vibaya na walioogopa mara ya kwanza. Matumizi hayo hayana jiwe la msingi la kuzindua. Kama mfuko ukipungua, afadhali kikundi kimoja kipate wiki zote kumi na mbili kuliko vikundi vinne vipate wiki tatu tatu.

Wapo ambao watafanya yote haya na goti bado litawanyima usingizi. Hao wapewe rufaa. Upasuaji wa kubadilisha goti hufanyika nchini, ikiwa ni pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na misuli waliyoijenga itawafaa baada ya upasuaji.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

Katika jumuiya zenu, ni nani ambao zamani walikuja na sasa hawaji? Nani atawatembelea wiki hii na kuwauliza kuhusu magoti, bila kudhani kwamba ni uzee tu?

Hospitali ipi iliyo karibu nanyi ina mtaalamu wa fiziotherapia, na ni siku zipi anaweza kutoka?

Ukumbi wenu una ngazi ngapi, choo cha namna gani, na viti vinavyoweza kusimamisha mtu mzima bila kuyumba?

Mshiriki akikosa vipindi viwili mfululizo katika wiki ya pili, ni jina la nani limeandikwa kwenye daftari kuwa ndiye wa kumfuata?